Kitendawili cha Nyimbo

Ndugu msikilizaji, bila shaka unaukumbuka mchezo wa vitendawili. Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, mtoto mmoja anasema, "Kitendawili!" Wenzake wanaitikia, "Tega!" Anatega. Wakishindwa kutegua anadai mji. Wanampa mji mmoja, anaukataa. Wanampa mwingine, anaukubali, anawasimulia jinsi alivyokwenda huko akala, akanywa na kupokewa kwa shangwe, na akishawatambia hivyo ndipo anapowapa jibu. Leo nataka kukusimulia mchezo huo ukichezwa kwa nyimbo badala ya maneno.

Niliukuta Katoro, ule mji wa biashara ulioko mkoani Geita, ambao watu hawapungui maadamu dhahabu inasemekana iko karibu. Nilikuwa natoka Shinyanga kwa shughuli zangu, nikalala kwa shemeji yangu ambaye ni mwimbaji wa besi katika kwaya. Jioni akanichukua mazoezini. Walikuwapo watu wa kila namna, kama ilivyo desturi ya miji ya dhahabu: vijana wanaoshuka kwenye maduara, akina mama wanaouza chakula, waendesha bodaboda, mwenye duka la vifaa, na mzee mmoja mkulima aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake. Katikati ya mazoezi umeme ukakatika na kinanda kikanyamaza. Mwalimu wa kwaya, kijana mpenzi wa muziki wa Ulaya wa karne zilizopita, akasema, "Basi tusikae bure. Kitendawili!"

"Tega!"

Akatoa simu yake akatusikilizisha vipande vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha piano peke yake, kimetungwa na Beethoven mwaka 1803. Cha pili kilikuwa sehemu ya mwisho ya muziki wa bendi kubwa yenye fidla na tarumbeta, uliotungwa na Mjerumani mwingine, Carl Maria von Weber, mwaka 1818. Cha tatu kilikuwa cha kinanda cha kanisani, na mtunzi wake alikuwa Mmarekani, Charles Ives, ambaye alikitunga mnamo mwaka 1891 akiwa kijana wa miaka 17 hivi.

"Vipande hivi vitatu ni ndugu," akasema mwalimu. "Undugu wao ni upi?"

Mmoja akajibu kwamba watunzi wote wamekwisha kufa. Watu wakacheka. Mwingine akasema vyote havina ngoma. Tukashindwa, mwalimu akadai mji. Tukampa Kahama, akaikataa. Tukampa Shinyanga, akasema huko ndiko kwao, mtu hapewi mji wake mwenyewe. Kijana mmoja wa machimboni akasema, "Basi chukua Johannesburg, mji wa dhahabu." Mwalimu akaichukua, akala na kunywa, kisha akatupa jibu.

Ndani ya vipande vyote vitatu, alisema, umo wimbo mmoja, nao ni ule ambao Waingereza humwombea mfalme wao. Beethoven aliuchukua akaugeuza kwa namna saba. Weber alikuwa ametunga muziki wa kusherehekea miaka 50 ya utawala wa Mfalme wa Saxony, na alipofika mwisho akavipandisha vyombo vyote pamoja kwa wimbo huohuo. Ama Wamarekani, ambao walipigana vita kumkataa mfalme wa Uingereza, waliuchukua wimbo wake wakautia maneno ya kuisifu nchi yao, wakaanza kuuimba hivyo mwaka 1831. Ndiyo maana kijana Ives aliujua tangu utotoni kama wimbo wa kwao.

Alipotupigia tena vipande vile, sote tuliusikia. Dakika kumi kabla ya hapo ulikuwa umepita masikioni mwetu mara tatu bila sisi kuutambua.

Hapo yule mzee mkulima akakohoa kidogo. "Mwalimu," akasema, "ndugu wa nne umemwacha."

"Ni yupi huyo, babu?"

Mzee akaeleza kwamba katika miaka ya 1950, akiwa mtoto wa shule huko Shinyanga, walifundishwa kuuimba wimbo huo kumwombea Malkia. Siku moja alirudi nyumbani akiuimba wakati anafungia ng'ombe. Babu yake, ambaye alikuwa mtu mzima tangu enzi za Mjerumani, akamwuliza kwa mshangao, "Kwani Wajerumani wamerudi?"

Watu walicheka sana, na mimi nilicheka nao. Lakini ndugu msikilizaji, niliporudi nyumbani nilichunguza jambo hili nikakuta kwamba yule babu hakukosea hata kidogo. Kuanzia mwaka 1871 hadi mwaka 1918 wimbo wa heshima wa dola ya Ujerumani, ule wa kumsifu Kaisari, ulikuwa unaimbwa kwa sauti ileile ya wimbo wa mfalme wa Uingereza. Maneno yalikuwa ya Kijerumani, lakini sauti ilikuwa moja.

Hebu ifikirie hali hiyo. Mwezi wa Julai mwaka 1916 majeshi ya Mwingereza yaliiteka Mwanza, na mwezi wa Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Maelfu ya wapagazi wa nchi hii walikufa katika vita ile wakibebeshwa mizigo ya pande zote mbili. Baada ya vita bendera ikabadilika. Lugha ya maofisini ikabadilika. Rupia ikaondoka, ikaja shilingi. Lakini ile sauti waliyosimamishiwa watu kwenye gwaride wakati wa Kaisari ikabaki ndiyo sauti waliyosimamishiwa wakati wa Mfalme George. Mtu aliyesimama nyuma kabisa, asiyeyasikia maneno, hangeweza kujua kwamba bwana mmoja ameondoka na mwingine ameingia.

Hayo yote yalitokana na kitendawili kimoja cha mwalimu wa kwaya na kumbukumbu ya mzee mmoja, mahali ambapo umeme umekatika.

Mwalimu alitega cha pili. Akauimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa Ijumaa Kuu unaokitaja kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba, ambao unaimbwa katika makanisa mengi ya nchi yetu. Halafu akatusikilizisha kipande kutoka katika muziki mkubwa wa Bach wa Mateso kwa Injili ya Matayo, ambao uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1727. Hapo undugu tuliupata mara moja, kwa sababu sauti ni ileile, na Bach aliirudia mara kadhaa katika kazi hiyo.

"Sawa," akasema mwalimu, "lakini baba yao ni nani?"

Hilo lilitushinda. Baba yao, akasema, ni wimbo wa mapenzi. Mwaka 1601 Mjerumani mmoja aitwaye Hans Leo Hassler alitoa kitabu cha nyimbo, na mmojawapo ulikuwa wa kijana anayelalamika kwamba msichana amemvuruga moyo. Baadaye watu wa kanisa wakaipenda sauti yake, wakayaondoa maneno ya msichana na kuweka maneno ya Msalaba. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akashika mdomo. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nalia kwa wimbo wa mchumba wa mtu!"

Mimi nadhani hana haja ya kuona haya. Sauti ya wimbo ni kama mtungi. Uliotekea pombe jana unaweza kuchotea maji leo, na watu wakayanywa wakashukuru. Jambo lenye faida ni kujua kwamba mtungi una historia, na kwamba aliyeufinyanga ana jina.

Kitendawili cha tatu kilikuwa chepesi, au sisi tulikiona chepesi. Mwalimu alituimbia sauti ya Wimbo wetu wa Taifa, akauliza una ndugu wangapi. Watu wakataja Afrika Kusini na Zambia. Mwenye duka akakumbusha kwamba Zimbabwe nao waliutumia tangu uhuru wao wa mwaka 1980 hadi mwaka 1994 walipopata wimbo mwingine. Namibia nayo iliuazima kwa muda mfupi ilipopata uhuru mwaka 1990. Na baba yao? Hapo vijana wengi walinyamaza. Ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti, aliyeutunga mwaka 1897 karibu na Johannesburg.

"Si ndio mji niliokupa?" akauliza yule kijana wa machimboni.

Ndio huo. Na sidhani kuwa ni ajali tu. Dhahabu ya Johannesburg iligunduliwa mwaka 1886, na katika muda mfupi ikakusanya pale watu wa kila kabila na kila lugha, kama ilivyowakusanya watu Geita tangu miaka ya 1930, na kama inavyoendelea kuwakusanya Kahama, Nyarugusu na Katoro. Katika mchanganyiko kama huo mwalimu mmoja wa shule alitunga wimbo wa kuimbwa na watoto wake. Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani, mwaka 1923 ukarekodiwa London kwenye santuri na Sol Plaatje, na mwaka 1961 ukaimbwa Dar es Salaam bendera yetu ilipopandishwa. Kwa hiyo miji ya dhahabu haitoi dhahabu tu. Hutoa na nyimbo.

Sasa nafika kwenye kitendawili cha nne, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nije hapa leo kuzungumza nawe.

Mzee wetu akaomba naye atege. Akasema yeye hana simu ya kupigia muziki, ana koo lake tu. Akaimba kwa Kisukuma wimbo wa kulimia, wa bugobogobo, ule ambao watu hujipanga mstari na majembe yakapanda na kushuka pamoja. Hakuwa amemaliza ubeti wa pili, yule kijana wa machimboni akaudaka. Akauimba kwa maneno mengine kabisa, akasema kwao ni wimbo wa kupondea mawe, na kwamba aliukuta kwa wenzake hakuutunga yeye. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akasema kwamba marehemu baba yake alimwambia kuwa hata kwenye jembe wimbo ule ulikuwa mgeni, ulitoka njiani, kwenye misafara ya wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na mizigo.

"Basi," akasema mzee, "baba yao ni nani?"

Mwalimu wa kwaya akakaa kimya. Alikuwa amemjua baba wa wimbo wa mwaka 1601 huko Ujerumani, lakini baba wa wimbo huu hakumjua. Sisi wengine tulikuwa vivyo hivyo. Tukampa mzee mji. Tukampa Tabora, tukampa Bagamoyo, tukampa na Dar es Salaam juu yake. Mzee akacheka akasema, "Wanangu, hata mkinipa miji yote sina jibu. Nilikuwa nauliza kweli."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalinikaa moyoni. Katika vitendawili vyote vya jioni ile, kimoja tu kilikuwa cha kwetu moja kwa moja, cha watu wanaoishi hapo na kazi wanayoifanya kila siku, nacho ndicho tulichoshindwa.

Wala si kwa sababu Wasukuma hawakuwa na watunzi. Watu wa Shinyanga, Mwanza na Geita wanajua vizuri mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viwili vilipata majina yao kutokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Katika mashindano ya namna hiyo mtunzi, ambaye kwa Kisukuma anaitwa ningi, ndiye silaha ya chama. Hutakiwa kuja na wimbo mpya wenye mafumbo ya kumchoma mpinzani, na mpinzani naye hutakiwa kuyafumbua na kujibu. Yaani vitendawili vya nyimbo ni mchezo wa kwao, wa tangu zamani, na huchezwa mbele ya umati mzima.

Wala siyo kwamba hakuna aliyejaribu kuhifadhi. Bujora, karibu na Mwanza, ipo makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa kwa juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada, na kila mwaka kwenye mwezi wa Juni hufanyika hapo sikukuu ya Bulabo ambapo vyama hivyo hushindana. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja, Frank Gunderson, alitoa kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, pamoja na maneno yake na tafsiri yake. Humo zimo nyimbo za wapagazi, za wawindaji na za wakulima, na mwandishi anaonyesha jinsi nyimbo za safari zilivyogeuka kuwa nyimbo za shamba. Kwa maneno mengine, babake yule mzee alikuwa anajua anachosema. Tuwashukuru watu hawa. Lakini lazima pia tujiulize, hivi ni lazima mtu atoke Kanada au Marekani ndipo wimbo wa bibi yako upate kuandikwa?

Yupo mtunzi mmoja wa Uingereza, Edward Elgar. Mwaka 1899, mwaka uleule wimbo wa Sontonga ulipoimbwa hadharani, yeye alitoa kazi yake kubwa na kutangaza kwamba imo sauti nyingine iliyofichwa ambayo haipigwi. Watu wakakisia, wakaandika vitabu. Elgar akafa mwaka 1934 hajaitaja, na hadi leo mabingwa wanabishana. Hicho ni kitendawili ambacho mwenyewe alikificha kwa makusudi, na ni haki yake. Sisi hakuna aliyetuficha. Wazee wapo, wanaimba, wanangoja kuulizwa, nasi tunapita na shughuli zetu mpaka siku tunayokwenda kuwazika.

Na asidhani mtu kwamba wimbo ukiwa mkubwa utajilinda wenyewe. Huyo Sontonga, ambaye wimbo wake umewasimamisha mamilioni ya watu, alifariki mwaka 1905, na kwa miaka mingi kaburi lake halikujulikana lilipo. Lilipotafutwa kwa jina la Sontonga halikuonekana, kwa sababu kwenye daftari la makaburi ya Johannesburg alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Ni mwaka 1996 ndipo serikali ya Nelson Mandela ilipolitangaza rasmi kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Ikiwa mtunzi wa wimbo huo alikaribia kupotea, atakuwaje yule mpagazi asiye na jina aliyetunga njiani kati ya Tabora na pwani?

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano mzuri. Walipokaribia uhuru wa mwaka 1963, kamati ya wanamuziki wao ilichagua kwa ajili ya wimbo wa taifa sauti ya wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wa mama anayembembeleza mtoto. Leo mtoto wa shule wa Kenya anaweza kuambiwa wimbo wa nchi yake umetoka kwa nani na ulikuwa ukifanya kazi gani kabla haujapigiwa saluti. Waliuliza mapema, wakaandika.

Kuna na upande wa haki. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sheria hiyo inazitaja pia sanaa za jadi. Lakini sheria itamsaidiaje mtu ambaye wimbo wake haujulikani ni wake? Kijana akienda studio mjini akaichukua sauti ya kupondea mawe, akaitia vinanda na kupata fedha, hatutaweza hata kumwambia amemkopa nani. Huenda naye anadhani ameiokota tu barabarani.

Kwa hiyo ninalo ombi. Siku hizi karibu kila mtu mzima ana simu inayorekodi sauti. Wewe mwalimu wa kwaya, wewe katibu wa kikundi cha ngoma, wewe kijana wa machimboni unayekwenda kwenu msimu wa kulima, mketishe mzee mmoja, umwombe wimbo mmoja, na umwulize maswali matatu tu: uliusikia kwa nani, ulikuwa mahali gani, na ulikuwa unaimbwa wakati wa kazi gani. Umpe nafasi aimbe mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha andika majibu kwenye daftari, pamoja na jina lake, na tarehe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Yule mwalimu wa Katoro alianza usiku uleule. Umeme uliporudi watu walitaka kuendelea na mazoezi, lakini yeye akaiweka simu yake mbele ya mzee, akasema, "Babu, rudia tangu mwanzo." Yule kijana wa machimboni akasogeza kiti chake karibu. Mzee akaanza kuimba, na safari hii kila alipomaliza ubeti alinyamaza kidogo, akataja alipoupata.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Kama kwenu kuna mzee, usiwahi kulala.